Mlima wa Lubumbashi: gerimani iliyolala ndani ya mavi ya shaba

Oktoba 2024 shehena ya kwanza ya makinikia ya gerimani, metali adimu inayotumika kwenye nyuzi za mawasiliano na kamera za kuona joto, ilitoka Lubumbashi kwenda Ubelgiji. Ukiilinganisha na malori ya shaba yanayopanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mchana na usiku, ulikuwa mzigo mdogo ambao usingemfanya hata kuli ageuze shingo. Muuzaji ni STL, kampuni inayomilikiwa yote na Gécamines, shirika la madini la serikali ya Kongo. Mnunuzi ni Umicore, mwenye kiwanda cha kusafisha gerimani mjini Olen. Na mali yenyewe imetoka jalalani, kwenye kile kilima cheusi kilichoketi chini ya bomba refu la moshi ambalo hakuna aliyefika Lubumbashi asilijue.

Gécamines inasema kiwanda cha STL kikifikia uwezo wake kamili kitaweza kutoa hadi asilimia 30 ya gerimani inayohitajika duniani. Hiyo ni kauli ya mwenye mali, na mwenye mali husifia chake. Lakini hata ikipatikana nusu ya hiyo, Kongo itakuwa imeingia kwa kishindo katika biashara ambayo China imeishika kwa zaidi ya nusu, na imeingia bila kuchimba shimo jipya.

Watu wengi wamekisimulia kisa hiki kama habari njema ya teknolojia: zamani haikuwezekana, sasa inawezekana. Mimi sikubali. Kilima kimekuwa mali ya Gécamines tangu mali za Kongo za Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyochimba shaba enzi za ukoloni, zilipotaifishwa. Gerimani ilikuwemo siku zote, na wataalamu walijua imo. Ilikuwaje basi ikapita zaidi ya nusu karne kabla ya gerimani hiyo kuuzwa kwa jina lake yenyewe, na kampuni ya mwenye kilima? Kemia inajibu sehemu ndogo tu ya swali hilo. Sehemu kubwa iko kwenye karatasi: nani anapima, nani anatenganisha, na ni madini gani yaliyotajwa kwenye mkataba.

Kilima kilivyokua

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na kiwanda chake cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi, mji ulioitwa Élisabethville wakati huo, kilimwaga shaba yake ya kwanza 1911. Kazi ya tanuru la shaba, ukiiondolea mbwembwe zote, ni kutenganisha vitu vilivyoyeyuka pamoja. Mawe yenye shaba huingizwa na chokaa pamoja na koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa. Moto ukikolea, kilicho kizito chenye shaba huzama chini, na mchanga, chuma na chokaa huelea juu. Hicho kinachoelea ndicho mavi ya shaba. Hukingwa pembeni, hubebwa kikiwa bado chekundu, humwagwa, kikapoa na kuwa kioo cheusi kizito. Kesho yake humwagwa kingine juu yake. Fanya hivyo tangu miaka ya 1920 hadi miaka ya 1990, utapata takribani tani milioni 14.

Milima ya aina hii iko mingi duniani. Huu wa Lubumbashi ulitofautishwa na Kipushi, mgodi ulio kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa mji, mpakani kabisa na Zambia, ulioanza kuchimbwa 1924. Mawe ya Kipushi hayakuwa ya shaba peke yake. Yalikuwa na zinki nyingi ajabu, na ndani yake mlikuwa na renieriti, madini adimu yenye gerimani yaliyopewa jina la mwanajiolojia wa Kibelgiji, Armand Renier. Shaba ya Kipushi ilipoletwa kuyeyushwa Lubumbashi, zinki na gerimani zilikuja nayo. Kobalti ikaletwa na mawe ya migodi mingine. Tanuru lilikuwa linatafuta shaba. Hao wengine walikuwa abiria wasio na tiketi.

Gerimani ina tabia inayomsumbua fundi wa tanuru. Kwenye jedwali la elementi imekaa moja kwa moja chini ya silikoni, na inafanana nayo kiasi kwamba Mendeleev alitabiri kuwepo kwake mwaka 1871, miaka 15 kabla Clemens Winkler hajaipata kwenye madini ya Freiberg, Ujerumani. Sasa, mavi ya shaba kwa sehemu kubwa ni kioo cha silika. Tanuru likiwa na hewa ya kutosha, gerimani hushikana na oksijeni na kujipenyeza humo ndani ya kioo, mahali ambapo silikoni ingekaa. Tanuru likinyimwa hewa na kujazwa koki, gerimani hubadili njia: hugeuka mvuke, hupanda na moshi, na kunaswa pamoja na vumbi la zinki. Kwa hiyo kwenye tanuru lile lile, siku ile ile, gerimani ilikuwa inagawanyika, nyingine juu na nyingine chini, kutegemea moto ulivyoendeshwa.

Iliyokaa chini ndiyo iliyojenga akiba ya kilima. Ni kidogo sana kwa kila tani. Tufanye hesabu ya mfano tu: kama kila tani ya mavi ina gramu 50, tani milioni 14 zina tani 700 za gerimani. Ukisikia tani 700 unaweza kuguna, kwani malori ya shaba huvusha uzito huo mpakani kabla jua halijatua. Lakini soko zima la gerimani duniani ni tani zisizozidi mia mbili na kitu kwa mwaka. Ndiyo maana mtu aliyezoea hesabu za shaba hupotea kabisa akiingia kwenye hesabu za metali hizi.

Union Minière haikuwa gizani kuhusu jambo hili. Transista ya kwanza, iliyotengenezwa Bell Labs mwaka 1947, ilikuwa ya gerimani, na katika miaka ya 1950 Katanga, jimbo la Lubumbashi, ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya metali hiyo duniani, usafishaji ukifanyika Ubelgiji. Kisha silikoni ikaja, ya bei rahisi na inayovumilia joto, na gerimani ikaondolewa kwenye redio. Wakati huohuo kilima kikaendelea kupanda. Mkataba wowote ulioandikwa katika miongo iliyofuata uliandikwa na watu waliojua kwamba gerimani ni kitu cha zamani. Nyuzi za mawasiliano, lenzi za kamera zinazoona joto gizani na paneli za sola za setilaiti ndizo zilizoirudisha sokoni, polepole, bila mtu wa Katanga kupigiwa ngoma.

Tanuru la pili

Gécamines ya miaka ya 1990 ilikuwa hoi. Shirika lililotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 lilibakiwa na kama tani 30,000 mwaka 1994. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka 1990, Kipushi ikasimama 1993, matanuru ya Lubumbashi yakapoa. Wafanyakazi waliozoea kusema kampuni ni baba na ni mama wakabaki yatima wenye madai ya mishahara. Katika hali hiyo mlima wa taka ndio uliokuwa mali inayoweza kuguswa bila kushuka chini ya ardhi.

Mwishoni mwa muongo huo ukaundwa ubia ulioitwa GTL, na kampuni ya kuendesha kiwanda ikaitwa STL. OM Group ya Marekani ilichukua asilimia 55, Groupe George Forrest asilimia 25, Gécamines asilimia 20. Mlima ulikuwa wa Gécamines. Mtaji, ujuzi na mnunuzi vilikuwa vya wengine. Likajengwa tanuru kubwa la umeme hapo hapo chini ya kilima, likaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tanuru hilo linafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndilo lililopanga nani anapata nini. Mavi yanavunjwa, yanachanganywa na koki, yanaingizwa kwenye joto la umeme. Kaboni ya koki inanyang'anya oksijeni kutoka kwa kobalti, shaba na sehemu ya chuma. Metali hizo zinazama chini na kutoka zikiwa aloi moja. Hiyo ilifungashwa ikapelekwa Kokkola, Finland, kwenye kiwanda cha OM Group. Zinki nayo huchemka kwenye nyuzijoto 907, chini kabisa ya joto la tanuru, kwa hiyo hupanda ikiwa mvuke, hukutana na hewa, hugeuka unga mweupe na kunaswa kwenye mifuko ya vichujio. Gerimani, kwa kuwa tanuru sasa limenyimwa hewa, hupanda pamoja na zinki. Kinachobaki katikati ni mavi mapya, yaani mavi ya mavi, na hayo nayo hutafutiwa pa kumwagwa.

Kwa hiyo kuna milango mitatu: wa chini, wa juu na wa katikati. Mkataba unaosema "kobalti na shaba" unazungumzia mlango wa chini peke yake.

Oktoba 2002 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, lililokuwa likichunguza uporaji wa rasilimali za Kongo wakati wa vita, liliandika kwamba wabia walipuuza mpango wa kujenga mitambo ya kusafisha hapo Lubumbashi, wakapeleka mali iliyochakatwa nusu Finland. Kwamba huko hutolewa si shaba na kobalti tu bali na gerimani. Na kwamba Gécamines haikuwa na mgao katika mapato ya gerimani. Wahusika walikana shutuma za jopo.

Sina nia ya kuifufua kesi hiyo. Ninachokitazama ni namna mabishano yenyewe yalivyokuwa. Upande mmoja unasema gerimani imo ndani ya aloi na wanaolipwa kwa ajili yake ni wengine. Upande wa pili unasema sivyo. Hilo ni jambo la maabara. Unachukua sampuli ya aloi, unachukua sampuli ya unga wa zinki, unapima, unazidisha kwa tani zilizotoka, ukamaliza. Mbia mwenye asilimia 20 angepaswa kuwa na karatasi hizo kwenye kabati lake, mwezi kwa mwezi. Mgogoro wa aina hii ukifika mpaka New York maana yake ni kwamba mwenye mlima hakuwa ameshika mzani.

Mwenye mzani

Msomaji wa Tanzania ameshaanza kukumbuka makontena. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi kusafirishwa nje, makontena 277 yakachunguzwa na kamati ya Profesa Mruma, na taifa zima likajifunza neno makinikia ndani ya wiki moja. Kamati ilisema dhahabu iliyomo ni nyingi mno kuliko iliyotangazwa, na kwamba zimo pia metali nyingine zisizotajwa kabisa kwenye malipo. Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi hiyo, ilikataa takwimu hizo. Kila upande ulisimama na karatasi ya maabara yake. Mwisho wake ulikuwa kampuni mpya ya Twiga, Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, ikiwa na asilimia 84 na serikali 16. Hesabu ya nani alikuwa sahihi kuhusu gramu ilizikwa ndani ya makubaliano.

Utaratibu wa kawaida wa biashara hii uko wazi, na haukuhitaji kamati. Mzigo unapopakiwa, sampuli inagawanywa: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, ya tatu inafungwa lakiri kwa ajili ya maabara ya mwamuzi wakitofautiana. Lakini maabara hupima kile tu ilichoagizwa kupima. Mkataba ukitaja shaba, dhahabu na fedha, gerimani haiandikwi hata kama imo. Kuna ubaya zaidi ya huo. Kwenye kusafisha zinki kwa umeme, gerimani kidogo mno huharibu kazi nzima, kwa hiyo mwenye kiwanda cha zinki ana haki ya kuiita uchafu na kumkata muuzaji fedha. Kisha kama ana mtambo wa kuinasa, kama ule wa Trail nchini Canada, anaiuza. Muuzaji ametozwa faini kwa sababu ya mali aliyoitoa bure.

Anayefahamu mialo ya Geita, yaani viwanja vya kuoshea dhahabu, haoni jipya hapa. Mchimbaji mdogo analeta mawe yake, yanapita kwenye karasha, anakamata dhahabu yake kwa zebaki, anaondoka na kipande chake. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanabaki kwa mwenye mwalo. Yanarundikwa, na siku moja mwenye mwalo anayaosha kwa sayanaidi na kupata dhahabu ambayo mara nyingine inazidi ile ya kwanza. Hakuna aliyeiba. Mchimbaji alikubali, kwa desturi, kwamba kazi yake inaishia pale zebaki inapoishia. Tofauti ya mwalo na Lubumbashi ni kwamba kule mwenye mawe ndiye aliyekuwa na kiwanja, na bado marudio yakamponyoka, kwa kuwa mtambo haukuwa wake.

Mambo yaliyobadilika

Mwaka 2013 OM Group iliachana na biashara yake ya kobalti: kiwanda cha Kokkola kikaenda kwa Freeport-McMoRan na hisa za Lubumbashi zikaachiwa wabia wenyeji. Hatimaye STL ikawa ya Gécamines peke yake. Magazeti ya nje hayakuliangalia sana tukio hilo, lakini kwangu ndilo lililofungua mlango. Yote ya baadaye yasingewezekana kama mlango wa juu na wa chini ungeendelea kuwa na wenyewe tofauti.

Novemba 2018 ikaja amri ya serikali iliyotangaza kobalti, gerimani na koltani kuwa madini ya kimkakati, mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Kwenye kobalti kelele zilikuwa nyingi. Kwenye gerimani hakukuwa na kelele yoyote, kwa sababu hakukuwa na aliyekuwa akiitangaza. Hata hivyo amri hiyo ilifanya jambo moja kubwa: iliiandika. Tangu siku hiyo afisa wa forodha ana haki ya kuuliza gerimani iko wapi kwenye fomu.

Halafu China ikafanya kazi ambayo hakuna balozi wa Kongo angeweza kuifanya. Julai 2023 ilitangaza kwamba kuanzia Agosti 1 mtu akitaka kusafirisha galiamu na gerimani kutoka China lazima awe na leseni. Desemba 2024 ikazuia kabisa zisiende Marekani, zuio ambalo baadaye, Novemba 2025, ililisimamisha kwa muda. Bei ya gerimani hadi mwisho wa 2024 ilikuwa imezidi mara mbili ya ilivyokuwa kabla ya leseni. Metali ya namna hii haina mgodi wake yenyewe. Huja kwenye mkia wa zinki au kwenye majivu ya makaa ya mawe. Bei ikipanda, hakuna wa kwenda kuichimba zaidi. Kinachowezekana ni kumtafuta mtu mwenye rundo la taka na mtambo karibu na rundo hilo.

STL ilikuwa na rundo, na ilikuwa inamalizia mtambo: kiwanda cha kuchakata kwa asidi mjini Lubumbashi, badala ya kutegemea moto peke yake. Mei 2024 Gécamines na Umicore zikatangaza ushirikiano. Umicore inatoa ujuzi wa kuiendesha hatua ya gerimani, na inapata haki ya pekee ya kuipokea gerimani hiyo na kuisafisha.

Hatua hiyo si rahisi kama inavyosikika. Njia ya kawaida ni kuloweka unga kwenye asidi ya salfa ili zinki na gerimani ziyeyuke. Ukikosea ukali wa asidi au joto, silika nayo huyeyuka, kisha hujikusanya upya ikiwa rojorojo inayoziba vichujio na kuifumbata gerimani humo humo. Mafundi wanaweza kupoteza siku wakikwangua vitambaa vya vichujio. Mchanganyiko ukishakuwa safi, viwanda vingi hutia tanini, dawa ile ile ya magome ya miti inayotumika kuchakata ngozi za wanyama, ambayo wenye mashamba ya miwati Njombe wanaifahamu vizuri. Tanini huikamata gerimani na kuiacha zinki ipite. Kinachotuama huchujwa na kuchomwa, na hapo ndipo unapopata makinikia ya gerimani.

Olen wanaendelea kutoka hapo. Makinikia yanachemshwa na asidi ya kloridi, gerimani inageuka kloridi inayochemka kwenye nyuzijoto 84 hivi, kabla maji hayajachemka, kwa hiyo inavukizwa na kukingwa ikiwa safi na metali nyingine zikabaki chunguni. Kloridi hiyo, ikisafishwa zaidi, inakwenda moja kwa moja kwa watengeneza nyuzi za mawasiliano. Ikitiwa maji inakuwa oksidi. Oksidi ikipitishwa haidrojeni inakuwa metali. Metali inayeyushwa kipande kwa kipande kutoka ncha hadi ncha ili uchafu usukumwe mwishoni na kukatwa. Bei ya juu iko upande huo wa mwisho.

Wapo wanaosema makubaliano haya ni ukoloni uliorudi kwa mlango wa nyuma, na hoja yao ina mguu wa kusimamia. Umicore ni jina ambalo Union Minière yenyewe ilijipa mwaka 2001, baada ya kuungana na kampuni nyingine za metali za Ubelgiji mwaka 1989. Yaani aliyeurundika mlima ndiye, kwa jina jipya, anayepewa haki ya pekee ya kununua kilichomo. Mtu wa Lubumbashi akicheka kwa uchungu, mwacheni acheke.

Hata hivyo sioni kosa kubwa pale ambapo wengi wanaliona. Kujenga Olen ya pili Katanga leo, kwa soko la tani mia mbili na kitu, ambapo wanunuzi ni wachache na kila mmoja anataka miezi ya kuthibitisha ubora kabla ya kutia sahihi, na umeme wenyewe unategemea laini ya kilomita 1,700 kutoka bwawa la umeme la Inga, ni kuitia Gécamines kwenye mtego wa fahari. Kwanza iuze makinikia yaliyopimwa vizuri. Kinachonikera ni hayo maneno "haki ya pekee". Bei ya gerimani haipangwi kwenye soko la wazi kama ya shaba London. Inapatikana kwa kuuliza wafanyabiashara wachache. Muuzaji mwenye mnunuzi mmoja, kwenye soko la namna hiyo, anategemea sana fomula iliyoandikwa kwenye mkataba: asilimia ngapi ya gerimani iliyomo inalipiwa, bei ya mwezi upi inatumika, nani analipa usafishaji, maabara ya nani ni mwamuzi. Upekee ungekuwa na muda, na uishe STL ikishajua kuendesha mtambo wake peke yake, ningenyamaza.

Penga Penga

Upepo wa Lubumbashi kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi wa lile bomba, kwa miongo yote hiyo, ulielekea kaskazini-magharibi, na huko ndiko uliko mtaa wa Penga Penga. Ardhi ya mtaa huo ilijaa shaba, zinki, kadimi na risasi hadi majani yakagoma kuota. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakijaribu nyasi zinazovumilia shaba na miti iliyopandwa kwenye mashimo yenye mboji. Watafiti wa chuo hicho hicho na wenzao wa Leuven walionyesha mwaka 2009 kwamba wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti na metali nyingine nyingi mno kwenye mkojo, watoto wakiwa wameathirika zaidi.

Nalitaja hili kwa sababu kwenye mahesabu ya taka, lile vumbi lililomwangukia mtu wa Penga Penga lilikuwa ni sehemu ya mali iliyotoka kwa mlango wa juu wa tanuru. Kampuni ilihesabu shaba tu. Mengine yote yaligawiwa majirani bila kuulizwa. Kiwanda cha asidi nacho kina maji machafu na tope lake. Kama mrabaha wa asilimia 10 wa gerimani utaonekana Kinshasa na tope likaonekana Lubumbashi, mgao utakuwa ule ule wa zamani.

Mzigo unaofuata

Kipushi imefunguliwa tena. Maji yaliyofurika yalipigwa pampu kwa miaka, Ivanhoe, kampuni ya madini ya Canada, ikishirikiana na Gécamines, na Juni 2024 mgodi ukaanza tena kutoa makinikia, safari hii ya zinki. Ni mwamba ule ule uliozaa renieriti. Gerimani imo, na tofauti na ile ya kilima, hii bado haijapita tanuru lolote: inasafiri ndani ya makinikia ya zinki kwenda kwa viwanda vya nje, ambako inaweza kuitwa uchafu au kuitwa mali. Lubumbashi sasa ina mafundi wanaojua kuinasa na mtambo wa kuinasia, kilomita 30 kutoka shimoni. Gécamines ikiwa mbia wa Kipushi, swali lake la kwanza kwenye kikao cha mauzo lingekuwa dogo sana: kwenye orodha ya vitu ambavyo maabara imeagizwa kuvipima katika kila shehena, gerimani imeandikwa mstari wa ngapi?